Betri ya RAV4 haifikishi miaka miwili hapa Dodoma: ninunue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

mkazi_AreaD

Wakuu, habari za mchana.

Gari ni Toyota RAV4 ya petroli, cc 2000, otomatiki. Betri iliyomo imeandikwa 55D23L, ya kufungwa juu, haina vifuniko vya kuongezea maji. Ina mwaka na miezi kadhaa na tayari asubuhi stata inazunguka kwa uvivu, hasa kipindi hiki cha baridi. Iliyotangulia nayo ilikufa kwenye umri huohuo. Safari zangu ni fupi, Area D hadi mjini na kurudi, na mchana kutwa gari linaegeshwa juani. Kuna kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na bima ya mkopo.

Naomba kujua: niweke yenye CCA (ampea za kuwashia kwenye baridi) kubwa zaidi? Nipande hadi 80D26L? Ya kufungwa au ya vifuniko? Muuzaji mmoja ananishauri ile kavu inayotiwa maji makali (asidi) dukani, mwingine anasema hizo zimepitwa na wakati.

fundi_umeme_Kizota

Mkuu, betri mbili zikifa kwa umri mmoja ndani ya gari moja, mtuhumiwa wa kwanza ni gari, siyo betri. Ukinunua leo bila kupima utanunua tena mwakani. Tafuta multimita (kipima umeme), hata ile ya bei rahisi inatosha.

Anza asubuhi kabla hujafungua mlango wa gari, ukiweza kuacha boneti imelegezwa tangu jana yake. Pima vichwani mwa betri. Volti 12.6 na zaidi imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Kisha mtu mwingine apige stata huku wewe unaangalia mita: isishuke chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Ikishuka hapo na betri ilisoma 12.6, betri imechoka ndani. Ikishuka na betri ilisoma 12.1, bado huwezi kuihukumu. Ichajiwe kwanza ijae ndipo upime upya. Betri nyingi nzima zinatupwa kwa kuruka hatua hii.

Gari likishawaka, subiri injini ishike moto, washa taa kubwa na feni, kanyaga hadi mizunguko 2000. Oltaneta (inayochaji betri gari likiwaka) ikiwa sawa utasoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 14.8 na inabaki huko, regyuleta (inayodhibiti chaji) imekufa na betri inachemshwa. Kwa joto letu hiyo inaua ndani ya miezi. Ikiwa chini ya 13.5, angalia mkanda, brashi za oltaneta na nyaya. Ukiwa hapohapo, weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya oltaneta na nyingine kwenye kichwa chenyewe cha hasi, siyo kwenye teminali (kikamatio cha waya). Ukiona zaidi ya volti 0.2, waya wa hasi umeoza au umelegea pale unapofungwa kwenye bodi.

Halafu pima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Fungua waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, unganisha mita katikati ya kichwa cha hasi na waya wake. Funga milango, funga na alamu, subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Usipige stata wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua. Gari lisilo na hitilafu linakunywa chini ya ampea 0.05. Nina wasiwasi na hicho kifaa chako cha mkopo.

Sasa kuhusu joto. Hewa ya Dodoma yenyewe si mbaya sana, Oktoba na Novemba mchana ni nyuzi 30 na kidogo. Ubaya uko chini ya boneti: gari likizimwa baada ya safari, feni imesimama, eksozi na injini vinamwaga joto pale pale na nyuzi 60 zinapitwa kwa urahisi. Kanuni ya jumla ya betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa karibu nusu, kwa sababu wavu wa pleti chanya unaliwa haraka na maji yanapotea. Uharibifu unafanyika Novemba, wewe unauona Juni na Julai, usiku ukishuka hadi nyuzi 13 au 14 na injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Ndiyo maana watu wanalaumu baridi.

Na hiyo CCA achana nayo. Ni kipimo cha ampea ambazo betri inatoa kwa sekunde 30 ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Hakuna mtu anayepiga stata kwenye baridi hiyo kuanzia hapa hadi Manyoni. Mbaya zaidi, njia rahisi ya kiwanda kupandisha CCA bila kuongeza risasi ni kujaza pleti nyingi nyembamba, na pleti nyembamba ndiyo inayoliwa mapema na joto. Wewe tazama Ah (ampea-saa, yaani umeme betri inaoweza kuhifadhi), na uzito.

spea_Majengo

Fundi kamaliza upande wa gari. Mimi niseme upande wa kaunta.

Kwanza usomaji wa maandishi, maana hapa ndipo wateja wengi wanapochanganywa. 55D23L: hiyo 55 SIYO Ah. Ni daraja la nguvu la viwango vya Japani. D ni kipimo cha upana na kimo cha boksi, 23 ni urefu wake kwa sentimita, L ni upande wa vichwa. Simama vichwa vikiwa upande wako: kwenye L hasi iko kushoto na chanya kulia. R ni kinyume chake, na ukiichukua waya hazitafika, au zitafika kwa kuvutwa, ambayo ni hatari zaidi. Kwa hiyo 65D23L au 75D23L inaingia kwenye trei yako bila kugusa kitu. Kama Ah na uzito navyo vimepanda, chukua. Kama kilichopanda ni namba ya kwenye stika tu, acha.

Ah nayo ina mtego. Betri hiyohiyo ya 55D23L, Mjapani akiipima kwa kuimaliza ndani ya saa 5 anaandika 48Ah, mwingine akiimaliza ndani ya saa 20 anaandika 60Ah. Hawajadanganya. Uliza au tafuta kwenye boksi pameandikwa 5HR au 20HR, ndipo ulinganishe.

Mizani. Omba ipimwe, duka lolote la spea au la nafaka jirani lina mizani. D23 ikiwa na maji ndani huwa kama kilo 15 hadi 17. Ukiweka mbili za ukubwa mmoja na moja imezidiwa kilo moja na nusu, hiyo nyepesi imepunguziwa risasi. Stika haiwezi kuficha hilo.

Tarehe ya kutengenezwa ni muhimu kuliko jina. Kila kiwanda kina namna yake ya kuiandika, mara nyingi imegongwa kwa moto juu ya mfuniko au kwenye kichwa. Muuzaji akuoneshe na akusomee. Akishindwa, au pamekwanguliwa, nenda duka la pili. Ya kufungwa isizidi miezi sita, kwa sababu inajimaliza yenyewe ikiwa rafuni, na kwenye duka la bati lenye joto inajimaliza haraka zaidi. Pima dukani: 12.6 beba, chini ya 12.4 iache. Usikubali lugha ya "ukitembea itajaa". Chumvi ya risasi ikishaganda kwenye pleti, haitoki yote.

Kuna na betri za zamani zilizovalishwa stika mpya. Angalia vichwa: betri mpya haina mikwaruzo ya mduara ya teminali. Angalia kuta kama zimevimba, na mshono wa mfuniko kama umeyeyushwa vibaya upande mmoja.

Kuhusu "kavu": haijapitwa na wakati hata kidogo. Kwa mikoa iliyo mbali na bandari ina faida kubwa, kwamba haizeeki sana ikiwa imefungwa, umri wake unaanza siku inapotiwa maji makali. Kinachoiharibu ni haraka. Inavyotakiwa ni hivi: ondoa karatasi au plastiki zote zilizoziba matundu ya vifuniko (ikisahaulika hata moja, gesi haina pa kutokea, betri inavimba). Tia maji makali hadi mstari wa juu. Iache nusu saa. Itapata joto na maji yatashuka kidogo, rudishia hadi mstari. Kisha ichajiwe kwa moja ya kumi ya Ah yake, yaani betri ya 60Ah kwa ampea 6, saa kadhaa, hadi haidromita (kipimo cha ukali wa asidi) isome sawasawa chemba zote sita. Dukani wengi wanamimina, wanakukabidhi kwenye mfuko, unaondoka. Hiyo betri itapiga stata siku hiyo, lakini haitafika uwezo wake kamili kamwe. Bora uiache dukani hadi kesho yake.

Haidromita isome ngapi? Betri za nchi baridi hujazwa maji makali ya 1.28. Kwa nchi za joto mara nyingi hutumika mepesi zaidi, kama 1.24 hadi 1.26, ili pleti zisiliwe haraka. Kwa hiyo 1.25 kwenye betri iliyojaa siyo kasoro, fuata alichoandika mtengenezaji. Kasoro ni chemba moja kupishana na wenzake kwa 0.05.

dereva_wa_Mpwapwa

Mmesahau kibano. Betri ikiwa inacheza kwenye trei, kwa barabara za vumbi zenye mabati ya mchanga, pleti zinapukutika unga wake unajaa chini hadi chemba inapiga shoti. Chuma cha juu na ndoano zake mbili viwepo, vikazwe hadi betri isitikisike kwa mkono, lakini usikaze hadi boksi linakunja. Mpira wa bombani siyo kibano.

Na hiyo 80D26L ni ndefu kwa sentimita 3 hivi. Pima trei kwanza. Oltaneta haina shida nayo, shida ni kwamba kibano cha zamani hakitakaa.

mkazi_AreaD

Asanteni sana. Nimepima leo. Asubuhi 12.24. Stata ikizunguka inashuka hadi 9.9. Gari likiwaka na taa, 14.1. Bodi ya oltaneta hadi hasi ni 0.06. Uvujaji baada ya nusu saa unasoma 0.19. Hii ni nyingi?

fundi_umeme_Kizota

Nyingi. 0.19 mara saa 24 ni zaidi ya Ah 4.5 kwa siku. Betri ya 60Ah, gari likilala Ijumaa hadi Jumatatu, umeshapoteza karibu robo. Na safari yako ya dakika kumi hairudishi hiyo: kila stata inachukua chake, kisha feni, taa na AC vinagombania oltaneta, na betri yenyewe inapokea taratibu kadiri inavyokaribia kujaa. Ndiyo maana inaishi kwenye 12.2 muda wote. Betri ya gari ikikaa nusu tupu kwenye joto, chumvi inaganda. Oltaneta yako ni nzima, waya wako ni mzima. Na hiyo 9.9 ukiwa umeanzia 12.24 inaonesha betri bado ina uhai.

Tafuta mwizi. Acha mita ilivyo, fungua mlango na ubonyeze swichi yake, uishikize hivyo ili gari lidhani mlango umefungwa, subiri tena lilale. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukiangalia mita. Kwenye Toyota anza na zilizoandikwa DOME, RADIO na ECU-B. Usomaji ukianguka hadi 0.03 au 0.04, umempata, fuatilia vilivyo kwenye fyuzi hiyo. Ukichomoa zote na hakuna badiliko, basi kitu kimeungwa moja kwa moja kwenye betri, na vifaa vya kufuatilia hufungwa hivyo mara nyingi, pamoja na alamu za kuongezea. Hicho cha bima usikikate mwenyewe kwa sababu ya mkataba wako. Waite waliofunga, uwaoneshe mita. Kifaa kizima kikilala kinakunywa kidogo sana. Kikishindwa kulala, kwa mfano kinapotafuta mtandao bila kupata au kikiwa kimeungwa vibaya, ndipo kinakunywa hivi.

Ukishaziba hilo, ichaji hii uliyonayo kwa ampea 5 au 6 hadi ijae, iache ipumzike usiku kucha bila kuunganishwa, ndipo upime. Ikishika 12.5 na kupanda, huenda usinunue mwaka huu.

Mama_wa_Nkuhungu

Fundi nakubaliana nawe, ila hamjamjibu swali la kufungwa au vifuniko, na hapo watu wanapotoshwa.

Ya kufungwa haimaanishi haipotezi maji. Inapoteza kidogo kwa sababu wavu wake una kalisiamu badala ya antimoni, lakini kwenye joto na chaji iliyozidi inapoteza vilevile, na huna pa kurudishia. Kile kijicho cha kijani juu yake kinasoma chemba moja tu kati ya sita. Ya vifuniko inakunywa maji zaidi ila inavumilia zaidi kushushwa na kupandishwa chaji, na unaweza kupima kila chemba. Kwa mtu atakayefungua boneti kila mwezi, mimi namshauri ya vifuniko bila kusita. Kwa asiyefungua boneti hadi taa iwake, achukue ya kufungwa. Ya vifuniko itakauka na pleti zikishaonekana hewani zimekwisha.

Maji yafike milimita 10 hadi 15 juu ya pleti, au kati ya mistari miwili ya pembeni. Yaongezwe baada ya kuchaji, siyo kabla, la sivyo yatafurika. Na yawe maji ya betri, yale yaliyosafishwa. Siyo maji makali! Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza maji makali unaongeza ukali kila mwezi hadi pleti zinaliwa. Chupa zinafanana, soma lebo. Na siyo ya bomba, hasa haya ya kwetu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Chemba zote zikishuka kwa pamoja haraka, rudi kupima oltaneta. Ikishuka moja peke yake, chemba hiyo ina shoti au boksi limepasuka.

mkazi_AreaD

Nashukuru, Mama. Nikifikia kununua, kuna tahadhari ya kufunga? Redio yangu ni ile ya Japani yenye ramani.

fundi_umeme_Kizota

Hiyo redio ndiyo tahadhari yenyewe. Nyingi za aina hiyo zikikosa umeme hata dakika moja zinajifunga na kuomba namba ya kufungulia. Kabla ya kuchomoa, unganisha betri nyingine nzima kwa jampa: chanya kwenye teminali ya chanya ya gari, hasi kwenye chuma cha injini. Ukifanya hivyo, kumbuka waya wa chanya una umeme muda wote; uvike soksi nene au mpira mara tu ukiutoa.

Spana namba 10. Hasi inatoka kwanza na kuingia mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kitu, ikigusa wakati unafungua chanya na hasi ipo, ni cheche. Safisha teminali kwa magadi, yaleyale ya mlenda, kijiko kwenye kikombe cha maji ya moto, na brashi ya waya. Yasiingie ndani ya betri. Kausha, funga, kisha paka grisi juu, siyo katikati ya kichwa na teminali. Teminali ikilegea kwenye kichwa usipigilie msumari wala kipande cha bati kama wanavyofanya wengine. Huenda umepewa betri ya vichwa vyembamba, irudishe. Hii inatokea zaidi kwenye boksi za B24: 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS vinene.

Kama gari lilikuja na kinga ya joto, yaani boksi la plastiki au koti linalozunguka betri, lirudishe. Mafundi wengi wanalitupa kwa sababu linachelewesha kazi. Usipokuwa na redio ya kulinda na ukachomoa kawaida, usishangae injini ikishuka sailensa (mizunguko yake ukiwa hujakanyaga) au vioo vikakataa kupanda vyenyewe kwa muda. Iache injini iwake bila kukanyaga dakika kumi, na vioo vipandishe hadi juu ushikilie swichi sekunde chache.

prius_wa_UDOM

Samahani kudandia. Kwa Prius, ile ya petroli na umeme, ni hivyohivyo?

spea_Majengo

Hapana ndugu. Kwenye Prius nyingi ile ndogo ya volti 12 iko nyuma ndani ya gari unamopumua, kwa hiyo lazima iwe ya aina isiyomwaga na yenye tundu la bomba la kutolea gesi nje. Zinaanza na herufi S, mfano S34B20R au S46B24R. Ukiweka ya kawaida ya boksi linalolingana, mvuke wa asidi unabaki ndani na unakula nyaya. Na ukishaweka hiyo sahihi, hakikisha lile bomba limerudishwa kwenye tundu lake. Magari yanayojizima kwenye foleni nayo yana zake: Q-85 ina boksi la D23, N-55 la B24, M-42 la B20. Usiyashushe kwenye betri ya kawaida.

Na wewe wa RAV4, betri ya zamani usimwage maji yake uani wala usimpe mtoto akauze chuma chakavu. Ilete nzima na maji yake, imesimama wima. Maduka mengi tunaipokea na kupunguza bei ya mpya.